Daktari Richard Bright, Mchunguzi wa Mafigo

Katika sura iliyopita tulijifunza kazi ya mafigo. Tuliona kwamba binadamu ana mafigo mawili, nayo yamekaa upande wa mgongoni, moja kuume na jingine kushoto, karibu na mbavu za mwisho. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Vichujio hivyo havionekani ila kwa hadubini. Damu hupita humo mchana na usiku. Takataka na maji ya ziada hutolewa na kuwa mkojo, na vitu vyenye manufaa hurudishwa katika damu.

Sasa tujiulize swali. Mafigo yamefichika ndani ya mwili. Hatuyasikii yakifanya kazi kama tuusikiavyo moyo ukidunda. Tena figo likianza kuugua, mara nyingi mwenyewe hasikii maumivu yo yote. Je, daktari atajuaje kwamba mafigo ya mtu yameharibika, na hali hawezi kuyaona wala kuyagusa?

Ukienda Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru katika Jiji la Arusha, utaona chumba kinachoitwa maabara. Hapo wagonjwa hupeleka mkojo katika vichupa, na damu yao hutolewa kidogo kwa sindano. Katika matone hayo machache wataalamu husoma habari za mafigo. Elimu hiyo haikupatikana kwa siku moja. Katika sura hii tutasoma maisha ya daktari aliyeiwekea msingi. Jina lake ni Richard Bright.

Utoto na masomo

Richard Bright alizaliwa tarehe 28 Septemba, 1789, katika mji wa Bristol, Uingereza. Wakati huo mji wa Arusha haukuwapo bado. Bristol ulikuwa mji wa bandari, na baba yake alikuwa mfanya biashara tajiri mwenye hisa katika benki. Sehemu ya utajiri wa ukoo wake ilitokana na biashara na kisiwa cha Jamaika. Katika kisiwa hicho miwa ililimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Yatupasa kulijua jambo hilo pia, kwa maana historia ya sayansi haikutengana na historia ya watu.

Mwaka 1808 Richard alikwenda kusoma katika mji wa Edinburgh, Uskoti, na baadaye akaingia masomo ya uganga. Mwaka 1810 alipata nafasi ya kufuatana na wachunguzi wengine katika safari ya Aisilandi. Hicho ni kisiwa cha baridi kali, mbali kaskazini, nacho kina milima ya volkeno na chemchemi za maji ya moto. Mtoto anayeishi chini ya Mlima Meru ataelewa mara moja nchi ya namna hiyo, kwa kuwa Mlima Meru nao ni volkeno. Richard alichunguza mimea na wanyama wa kisiwa hicho. Katika kazi hiyo alijizoeza kutazama kitu kwa makini, kukiandika na kukichora. Mazoea hayo yalimfaa maisha yake yote.

Alihitimu uganga huko Edinburgh mwaka 1813. Kisha akasafiri katika nchi za Ulaya akajifunza katika hospitali zake. Mwaka 1815, alipokuwa akirudi kwao, alipita katika mji wa Brussels, Ubelgiji. Vita vya Waterloo vilikuwa vimemalizika karibuni, na hospitali za mji zilijaa majeruhi. Muda mfupi baada ya kurudi Uingereza aliingia kazi katika hospitali ya wagonjwa wa homa mjini London. Huko aliambukizwa homa, na nusura afe. Alipopona hakuiacha kazi yake.

Wagonjwa waliovimba

Mwaka 1820 Bright aliajiriwa katika Hospitali ya Guy's, mjini London. Hospitali hiyo ilijengwa kwa ajili ya kuwatibu maskini. Kila siku alitembelea vyumba vya wagonjwa, akitazama na kuandika.

Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo wengi waliovimba. Asubuhi walikuwa wamevimba uso, hasa chini ya macho. Miguu yao ilijaa maji hata mtu akiibonyeza kwa kidole alama ya shimo ilibaki. Wengine walivimba tumbo. Walidhoofika, wakaishiwa pumzi, na wengi wao walifariki. Madaktari wa siku zile waliita uvimbe huo ugonjwa, wakatibu uvimbe wenyewe. Bright alifikiri kwa njia nyingine. Aliona kwamba uvimbe si ugonjwa bali ni dalili, kama moshi ulivyo dalili ya moto. Ilimpasa kuutafuta moto wenyewe.

Kijiko na mshumaa

Njia aliyoitumia ilikuwa rahisi. Alichukua mkojo wa mgonjwa kidogo akautia katika kijiko. Kisha alikishika kijiko juu ya mwali wa mshumaa, akautazama mkojo unavyopata moto.

Mkojo wa mtu mwenye afya ukichemshwa hivyo kwa kawaida hubaki mwangavu. Mkojo wa wengi wa wagonjwa waliovimba haukubaki hivyo. Ulipopata moto ulianza kuwa mweupe mfano wa ukungu, na mara nyingine uliganda kama ute wa yai unavyoganda katika kikaango.

Kwa nini uligande? Katika damu yetu mna protini iitwayo albumini. Albumini hutengenezwa na ini. Kazi yake moja ni kuyashika maji yabaki ndani ya mishipa ya damu. Nayo hufanana na protini iliyomo katika ute wa yai: ikipata moto huganda na kuwa nyeupe. Vichujio vya figo lenye afya huizuia albumini isipite, kama kichujio cha chai kinavyozuia majani. Kichujio kikitoboka, majani hupita na kuingia kikombeni. Vivyo hivyo figo likiharibika, albumini huvuja katika mkojo. Ikipungua sana katika damu, maji hutoka katika mishipa na kujikusanya mwilini. Hiyo ni sababu mojawapo ya uvimbe.

Bright hakuwa mtu wa kwanza kuuona mkojo ukiganda. Katika karne iliyotangulia daktari mmoja wa Italia, Domenico Cotugno, alikwisha kuliona jambo hilo. Sifa ya Bright ni kwamba aliyaunganisha mambo matatu. Jambo la kwanza lilikuwa uvimbe wa mwili. Jambo la pili lilikuwa mkojo unaoganda ukipata moto. Jambo la tatu alilipata alipochunguza miili ya wagonjwa waliofariki: mafigo yao yalikuwa yameharibika. Mengine yalikuwa yamesinyaa na kuwa magumu, na uso wake ulikuwa na vinundu vinundu.

Bright hakuridhika kuyaona mambo hayo kwa mgonjwa mmoja au wawili. Aliyatafuta kwa mgonjwa baada ya mgonjwa, kwa miaka mingi. Mwaka 1827 alichapisha kitabu kikubwa chenye habari za wagonjwa wake na picha za rangi za mafigo yaliyougua. Mwaka 1836 alichapisha jedwali la wagonjwa 100 ili kila daktari aweze kulipima neno lake mwenyewe. Ndivyo afanyavyo mwanasayansi. Hawataki watu wamwamini bure, bali huwaonyesha ushahidi.

Takataka zilizobaki katika damu

Daktari mwenzake, John Bostock, alikuwa hodari wa kemia. Alimsaidia Bright kuchunguza mkojo na damu za wagonjwa. Uchunguzi huo, pamoja na ule wa wataalamu wengine wa siku zile, ulionyesha jambo la ajabu. Katika mkojo wa wagonjwa hao kitu kiitwacho urea kilikuwa kimepungua, na katika damu yao urea hiyo hiyo ilionekana imezidi.

Urea ni takataka. Tunapokula maharage, nyama, samaki au mayai, mwili hutumia protini iliyomo, na takataka inayobaki hugeuzwa kuwa urea. Kazi ya mafigo ni kuitoa katika damu. Figo likichoka, urea hubaki katika damu.

Basi wagonjwa wale walikuwa na makosa mawili kwa pamoja. Kilichotakiwa kubaki katika damu kilitoka, na kilichotakiwa kutoka kilibaki. Mkojo na damu vilitoa ushahidi mmoja, na shahidi zote mbili zililielekea figo.

Mwaka 1842 Hospitali ya Guy's ilimpa Bright vyumba viwili kwa ajili ya wagonjwa wa mafigo peke yao, kimoja cha wanaume na kimoja cha wanawake, vyenye vitanda 42 kwa jumla. Kando yake palikuwa na maabara. Kwa hiyo daktari aliweza kumtazama mgonjwa kitandani, na papo hapo kuupima mkojo wake na damu yake. Siku hizi jambo hilo ni la kawaida, lakini wakati ule lilikuwa jipya.

Kujua na kuponya

Ingefaa kusema kwamba Bright aliwaponya wagonjwa wake, lakini haikuwa hivyo. Aliweza kuutambua ugonjwa, wala hakuwa na dawa yake. Alitumia matibabu ya siku zile, kama vile kumtoa mgonjwa damu na kumharisha. Matibabu hayo hayakuwasaidia wengi, na mara nyingine yaliwadhuru. Aliwaona wengi wakifa, naye akijua kisa cha kifo chao.

Hata hivyo kazi yake haikupotea bure. Ugonjwa usiojulikana hauwezi kutafutiwa dawa. Kwa muda mrefu madaktari waliyaita magonjwa ya mafigo kwa jina la ugonjwa wa Bright. Yeye mwenyewe alifariki mjini London tarehe 16 Desemba, 1858, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 69.

Waliomfuata waliendelea kutoka pale alipoishia. Mwaka 1886 mtaalamu wa Ujerumani, Max Jaffe, aligundua njia ya kukitambua kitu kiitwacho kreatinini kwa kukigeuza rangi. Kreatinini ni takataka itokayo katika misuli. Mafigo huitoa kila siku, kwa hiyo ikizidi katika damu, mara nyingi ni dalili kwamba mafigo yamelegea. Mpaka leo kreatinini ya damu na albumini ya mkojo ni vipimo viwili vinavyotumika sana kupima kazi ya mafigo. Mwaka 1943, huko Uholanzi, daktari Willem Kolff alimtibu mgonjwa kwa mashine ya kusafisha damu. Mwaka 1954, katika mji wa Boston, Marekani, mgonjwa alipandikizwa figo la pacha wake, akaishi. Nchini Tanzania upandikizaji wa kwanza wa figo ulifanyika katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwezi wa Novemba, 2017.

Mkojo na maji ya Mlima Meru

Huenda ukasema kwamba habari hizi ni za London ya zamani, hazituhusu sisi. Sivyo. Tazama mama mjamzito anapokwenda kliniki. Muuguzi humwomba mkojo kidogo, akachovya humo kipande chembamba cha karatasi yenye dawa. Karatasi ikibadilika rangi kwa namna fulani, mkojo una protini. Mama mjamzito mwenye protini katika mkojo na shinikizo kubwa la damu huenda anaelekea kupata kifafa cha mimba, ugonjwa unaoweza kumwua yeye na mtoto wake. Akitambuliwa mapema, huweza kuokolewa. Karatasi ile ndiyo iliyoshika nafasi ya kijiko na mshumaa wa Bright.

Tena, tutazame nchi yenyewe iliyouzunguka Mlima Meru. Miamba ya volkeno ya mlima huu ina madini ya floridi, na maji ya chemchemi na visima vingi hubeba madini hayo. Upande wa mashariki wa Arusha, kwenye barabara ya kwenda Moshi, kuna mahali paitwapo Maji ya Chai. Jina hilo linatokana na rangi ya maji ya mto wake. Watoto wengi wa sehemu hizo wameota meno yenye rangi ya kahawia. Waliokunywa floridi nyingi sana kwa miaka mingi wameharibika hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floridi, lakini maji ya sehemu nyingi za Meru huzidi kiasi hicho.

Floridi inayoingia mwilini huelekea wapi? Sehemu hukaa katika mifupa na meno, na sehemu kubwa ya inayobaki hutolewa na mafigo. Kwa sababu hiyo wachunguzi wakitaka kujua mtu ameingiza floridi kiasi gani, hupima mkojo wake. Mtu mwenye mafigo dhaifu hushindwa kuitoa floridi vizuri, nayo huzidi kujikusanya mwilini.

Angalia sana jambo hili. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Njia mojawapo ya kuipunguza ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliotayarishwa kitaalamu. Kazi hiyo imefanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto, chini ya Mlima Meru.

Kutunza mafigo yetu

Figo likiharibika sana kwa ugonjwa wa muda mrefu, kwa kawaida halirudi katika hali yake ya kwanza. Kwa hiyo ni heri kulitunza. Tunywe maji safi ya kutosha. Tusile chumvi nyingi. Tusinywe dawa za maumivu, wala dawa za miti tusizozijua, bila ushauri wa mganga wa zahanati. Wazee wetu wenye kisukari au shinikizo la damu wapimwe mkojo na damu mara kwa mara, kwa sababu magonjwa hayo mawili huharibu mafigo polepole. Na mtu ye yote akivimba uso au miguu, au akiona damu katika mkojo wake, aende zahanati upesi. Asione haya kuutoa mkojo wake upimwe. Bright hakuona haya kuushika.

Jaribio

Fanyeni jaribio hili pamoja na mwalimu wenu. Msitumie mkojo. Mwalimu atashika mshumaa na kijiko.

Vifaa: yai moja bichi, maji safi, vikombe viwili, kijiko cha chuma, kitambaa kikavu cha kushikia kijiko, na mshumaa.

1. Tieni maji matupu katika kikombe cha kwanza. Katika kikombe cha pili tieni maji na ute wa yai kijiko kimoja, mkoroge polepole.
2. Mwalimu achote maji ya kikombe cha kwanza na kukishika kijiko juu ya mwali wa mshumaa. Tazameni na kuandika mnachokiona.
3. Mwalimu akisafishe kijiko, achote maji ya kikombe cha pili na kufanya vile vile. Tazameni na kuandika tena.
4. Mkimaliza, nawieni mikono kwa sabuni.

Maswali

1. Kwa nini ni vigumu mtu kujua kwamba mafigo yake yameanza kuugua?
2. Bright aliunganisha mambo gani matatu?
3. Albumini ina kazi gani katika damu? Ikionekana katika mkojo, inatuonyesha nini?
4. Urea hutokana na nini? Kwa nini huzidi katika damu ya mtu mwenye mafigo dhaifu?
5. Cotugno aliuona mkojo ukiganda kabla ya Bright. Kwa nini basi tunamsifu Bright?
6. Bright alichapisha jedwali la wagonjwa 100. Je, jedwali la mgonjwa mmoja lingetosha? Toa sababu.
7. Maji ya kisima yamechemshwa vizuri. Je, floridi imeondoka? Eleza.
8. Waulize watu wa nyumbani kwenu maji mnayokunywa yanatoka wapi. Andika jibu lao, ulilete darasani.